Zilimeza Lakini Hazikuua

Sista wa wodi ya watoto alikuwa na tabia ya kusema na mzazi mmoja ili wasikie wazazi wote. Asubuhi ile alisimama kwenye kitanda namba tisa, akafunua bandeji ubavuni mwa mtoto, akautazama mrija uliokuwa ukitoa usaha kwenye ini, kisha akamgeukia mama yake. Kwa sauti iliyofika hadi mlangoni alisema kwamba majipu hayazuki tu, majipu ni uchafu, na kama mama huyu angejifunza kumwogesha mwanawe na kumkata kucha, asingekuwa anarudi hapa kila baada ya miezi mitatu.

Akina mama wengine waliinamia watoto wao, wakajifanya hawakusikia, na kila mmoja alisikia.

Aliyeambiwa hayo alikuwa amevaa sare ya kijani ya chumba cha kufulia. Alikuwa amechomoka kazini kwa dakika kumi aje amwone mwanawe kabla mashine haijamaliza mzunguko wake. Hakupandisha sauti.

"Sista," alisema, "shuka ulilolishika nimelifua mimi. Hilo gauni jeupe ulilovaa nimelifua mimi, juzi, kwa mikono, maana mashine ilikuwa imekufa. Kama mimi ni mchafu, basi hospitali yote hii imevaa uchafu wangu."

Mama mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Sista akarudisha bandeji mahali pake, akaandika kitu kwenye faili, akasogea kitanda cha kumi. Tangu siku hiyo walipokutana kwenye korido kila mmoja alikuwa na ukuta wake wa kuutazama.

Mwanamke huyo walimwita Mama Povu. Jina walimpa madereva wa gari la wagonjwa, kwa kuwa kila walipokatiza nyuma ya jengo walimkuta povu limempanda hadi kwenye viwiko. Alikuwa amefanya udobi wa hospitali kwa miaka kumi na mmoja. Alijua kwamba damu hutoka kwa maji baridi, na ukiikimbilia na maji ya moto imekwisha, itakaa hapo milele. Aliweza kunusa furushi la mashuka kabla hajalifungua akakwambia limetoka wodi gani. Makoti ya watu wa maabara aliyasuuza mara tatu, na maji ya mwisho aliyatia buluu kidogo ili weupe wake ung'ae. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Hakupenda tu kuona koti jeupe limepauka.

Mwanawe alikuwa na miaka sita, mwembamba, masikio makubwa. Tangu ajue kusimama hakujua kutulia, ndiyo maana baba yake, ambaye alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, akamwita Kiroboto. Wifi yake Mama Povu, yaani dada mkubwa wa mume, hakulipenda jina hilo hata siku moja. Alisema nyumba ambayo tayari inasemwa kwa uchafu haina haja ya kujitangazia kiroboto.

Na kweli ilisemwa. Kabla ya Kiroboto alikuwapo kaka yake, aliyefariki akiwa na miaka mitatu kwa ugonjwa wa mapafu usiosikia dawa yoyote. Kiroboto mwenyewe alizaliwa mzima, akapigwa chanjo ya begani kama watoto wote, na kile kidonda kidogo ambacho kwa watoto wengine hukauka chenyewe, kwake kiliumuka, kikapasuka, na kwapani pakatokeza mtoki wa ukubwa wa yai la njiwa. Alipofika miaka miwili zikavimba tezi za shingo. Alipofika minne likaja jipu la paja lililopasuliwa mara tatu, na kila mara lilirudi pale pale kama limesahau kitu. Sasa lilikuwa ini. Walimpima virusi vya ukimwi mara tano, na mara zote tano hakuwa navyo. Mara ya tatu Mama Povu aliomba karatasi aisome mwenyewe, kisha akaikunja na kuitia kwenye pochi, akatembea nayo mwaka mzima kwa ajili ya yeyote atakayemwangalia kwa jicho fulani.

Nyumbani alipigana kwa silaha alizozijua. Alichemsha mashuka, akachemsha vijiko, akachemsha vigari vya kuchezea mpaka magurudumu yakapinda. Sakafu aliifuta kwa jiki asubuhi na jioni. Mtoto alimsugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu, na siku moja Kiroboto alimwambia baba yake kwamba katika nyumba hii amebaki yeye tu, hajachemshwa. Baba alicheka, Mama Povu hakucheka. Wifi alipokuja na maziwa, kwa maana hakuwa mwanamke wa roho mbaya, alipitisha kidole juu ya kabati kabla hajakaa, na alipoona kidole kimetoka safi alikitazama kama kimemsaliti.

Katika chumba cha uani aliishi mama yake Mama Povu. Umri wake haukuwa mkubwa kama alivyoonekana. Mashavuni alikuwa na mabaka mekundu yaliyowaka kila jua lilipompiga, kwa hiyo alizoea kujifunika mtandio hadi karibu na macho. Watu walidhani ni haya, na labda haya nazo zilikuwamo. Alikuwa amezaa wana wawili wa kiume, na wote wawili walikufa kwa vidonda na homa kabla ya umri wa kwenda shule. Mumewe alimrudisha kwao akiwa na binti mmoja mgongoni, akiwaambia majirani kwamba tumbo la mwanamke yule huozesha watoto wa kiume. Yule binti ndiye Mama Povu. Alikua akimwona mama yake ananawa mikono kabla ya kula, baada ya kula, na katikati bila sababu, mpaka vidole vikachubuka. Hakumsikia akijitetea hata mara moja. Ndipo alipojiapiza, angali msichana mdogo, kwamba yeye hatainamisha kichwa kwa jambo asilolijua.

Siku mbili baada ya maneno ya sista, Mama Povu alipeleka makoti maabara. Huko alikuwapo mtu wa maabara waliyemwita Darubini, mzee aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja na mazoea ya kuongea na vioo vyake vya vipimo kama mtu anayeongea na kuku. Mama Povu aliweka makoti mezani lakini hakuondoka.

"Wewe ndiye uliyepima usaha wa mwanangu," alisema. "Umeona nini?"

Darubini alimwambia kwamba majibu huwa anapewa daktari. Mama Povu akajibu kwamba daktari amempa jina la mdudu, na jina yeye halimsaidii. Anachotaka kujua ni kwa nini.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Akamwambia kwamba mdudu wa kwenye lile jipu ni wa kawaida kabisa. "Hata mimi ninaye, hapa puani. Wewe huenda unaye. Nusu ya watu wa jengo hili wanatembea naye na hawajui."

"Basi kwa nini kwako anakaa puani, na kwa mwanangu amefika kwenye ini?"

Swali hilo, alikuja kukiri baadaye, hakuwa ameulizwa na daktari yeyote kwa miaka mingi. Alivuta stuli ya pili. Akamweleza kwamba kwenye damu kuna seli nyeupe ambazo kazi yake ni kula. Watu hupenda kuziita askari, lakini yeye hapendi neno hilo, kwa sababu askari huweza kupewa rushwa. Hizi zina njaa tu. Mdudu akiingia, zinanusa alipo, zinatoka kwenye mishipa na kumfuata. Seli ikimfikia inamzunguka kwa mwili wake yenyewe, jinsi donge la unga linavyofunika kidole, mpaka mdudu anajikuta yuko ndani, amefungiwa kwenye kifuko. Hapo ndipo kazi inapoanza. Seli inavuta hewa kwa pupa, inaigeuza kuwa sumu, na kuimwaga ndani ya kifuko.

"Sumu gani?"

"Ziko za aina kadhaa. Lakini iliyo kali kuliko zote unaijua. Ni ile ile iliyomo kwenye jiki yako."

Mama Povu alimtazama aone kama anamtania.

"Sitanii," Darubini alisema. "Mwili unapika jiki yake wenyewe, tone dogo sana, humo humo ndani ya seli. Mdudu anaungua, anasagika, habari yake imekwisha."

Kisha akatia kioo kwenye darubini, akazungusha gurudumu, akamwachia nafasi. Mama Povu alifumba jicho moja. Mwanzo aliona kope zake tu. Alipotulia akaona vitu vya mviringo vyenye viini vilivyogawanyika vipande vipande, na ndani ya vitu hivyo, vitone vya zambarau vimesongamana kama vishada vya zabibu.

"Hizo kubwa ni seli za mwanao," alisikia nyuma yake. "Vitone ni wadudu. Unaona viko wapi?"

"Ndani."

"Ndani. Zimewameza, tena zimewameza wengi. Halafu nikachukua usaha huo huo nikaupanda kwenye sahani, na kesho yake wadudu walikuwa wameota kama mchicha."

Mama Povu hakuondoa jicho. "Kwa hiyo zinawameza wakiwa hai, na wanabaki hai."

"Ndivyo ninavyoshuku. Kula zinajua. Huenda jiki ndiyo hazina."

Alisema anashuku, kwa sababu hakuwa na uhakika. Ugonjwa huo alikuwa ameuona mara moja tu, wakati wa masomo, zaidi ya miaka ishirini nyuma. Kipimo chake alikijua, na unga wa rangi alikuwa nao, kichupa kidogo alichokificha nyuma ya friji tangu mradi fulani ulipofungwa. Alichokosa ni saini ya daktari kwenye fomu.

Daktari alikuwa kijana, mwenye kazi nyingi na usingizi kidogo. Alisoma jina la ugonjwa kwenye fomu, akasema ni nadra mno, akasema huyu mtoto ana jipu na jipu linatibika, na mwisho akauliza swali aliloona linafunga mjadala: hata tukijua, tutafanya nini?

"Wewe daktari, utakachofanya sikijui," Mama Povu alisema. "Changu nakijua. Nitaacha kumsugua."

Alisimama mlangoni. Mgonjwa aliyefuata akapita ubavuni mwake, na wa baada yake pia. Mama Povu hakuondoka hadi daktari alipoinua macho akamwona bado yuko pale, akanyoosha mkono aletewe fomu.

Darubini alihitaji damu ya watu watatu. Ya mtoto, ya mtu mzima asiye na tatizo, ambayo alijitoa yeye mwenyewe, na ya mama. Mama Povu aliuliza ya kwake ni ya nini. Mzee akasema ni utaratibu, lakini alisema huku akipanga vioo ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa. Alidondosha matone kwenye vioo, akaviweka kwenye kisanduku chenye unyevu na joto, akavisuuza, akavitia ile rangi. Ilikuwa rangi ya njano, imepoa kama chai ya jana. Alimweleza kwamba seli inayopika sumu yake huigeuza njano hiyo kuwa buluu iliyokoza, pale pale inapopikia. Isiyopika huiacha ilivyo.

Walitazama kioo cha Darubini kwanza. Karibu kila seli ilikuwa na madoa ya buluu nzito. Kisha cha Kiroboto. Mama Povu alikisogeza huku na huku kama alivyofundishwa, akatafuta kona hadi kona. Miaka kumi na mmoja alikuwa amelitazama vazi likiingia kwenye maji ya buluu, na alijua lile lililoshika rangi na lile lililokataa. Kioo kizima hakikuwa na hata doa moja.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna," Darubini akasema.

Alibaki na kioo cha tatu mkononi, hajakitia. Mama Povu alikichukua akakitia mwenyewe. Humo kulikuwa na seli zilizoshika buluu na seli zisizoshika, zimechanganyika, karibu nusu kwa nusu.

Mzee alimweleza polepole. Dosari hii haipatikani sokoni wala shuleni, mtu huzaliwa nayo. Mwanamke hubeba nakala mbili za agizo la kupika ile sumu, kwa hiyo moja ikiwa mbovu, nusu ya seli zake bado hufanya kazi, na zinamtosha. Mtoto wa kiume hubeba nakala moja tu, ile aliyopewa na mama. Akiipata nzima, salama. Akiipata mbovu, hana ya akiba.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Povu alisema.

"Imepita kwako."

Mama Povu alikuwa amejiandaa kusikia kwamba hakuhusika. Alikuwa ameyatunza maneno ya kwenda kumrushia sista, na wifi, na kila mtu aliyewahi kumtazama mikono. Sasa hayakuwa na kazi tena. Alimfikiria yule mkubwa, aliyekufa akipumua kama anayepanda mlima. Seli zake nazo zilikuwa zimemeza na kumeza, hadi mwisho. Halafu likamjia jambo lingine, naye akauliza ghafla: yeye mwenyewe aliipata kwa nani?

Kesho yake alimleta mama yake, amejifunika mtandio wake, akitembea kwa kukwepa jua. Darubini alimchoma kidole. Aliyatazama yale mabaka ya mashavuni, akasema kwa upole kwamba wanawake wanaobeba dosari hii, baadhi yao, jua huwaunguza usoni namna hiyo. Kisha wakasubiri. Kioo cha mama kilikuwa kama cha binti: nyingine zimeshika, nyingine hazikushika.

Mama alielezwa yote. Alisikiliza bila kukatiza, vidole vyake vilivyochubuka amevikunja mapajani. Walipomaliza akasema:

"Niliwaogesha."

"Najua, mama."

"Kila siku. Wote wawili. Maji ya kuchemsha."

"Najua."

Akamgeukia Darubini, akamwomba aandike hilo kwenye karatasi. Mzee alijaribu kumfahamisha kwamba maabara hupima damu, haina kipimo cha kujua nani aliogeshwa na nani hakuogeshwa. Mama akamsikiliza hadi mwisho, na alipomaliza akamwomba tena, kwa maneno yale yale. Darubini alivuta fomu. Kwenye nafasi ya majibu akaandika majibu. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwamba vifo vya watoto wa mama huyu havikutokana na uchafu, na kwamba aliwaogesha kila siku. Akagonga mhuri.

Kikao kiliitishwa na wifi Jumapili iliyofuata, kwa sababu habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, zimepinda njiani kama kawaida. Alikuja amevaa vizuri, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema na kaka yake kana kwamba mkewe hayumo chumbani. Alisema hana chuki na mtu. Alisema mtoto mmoja amezikwa, wa pili yuko hospitali na mrija ubavuni, na sasa wamesikia kwa masikio yao kwamba tatizo liko kwa mama. Alisema ukoo una haki ya kupata watoto wa kiume walio hai, na kwamba kaka yake bado kijana, mlango wa kuoa mke mwingine haujafungwa. Na hizo dawa walizoandikiwa, zile tembe nyeupe kubwa ambazo mtaa mzima unajua humezwa na nani, majirani wakiziona watasema nini?

"Waje waniulize," Mama Povu alisema. "Ninayo karatasi ya vipimo vya virusi kwenye pochi."

"Kwa hiyo unakubali kwamba ni wewe."

"Nakubali imepita kwangu. Nimeona kwa macho yangu. Ilipita kwa mama kabla yangu, na kwa nani kabla yake, hatujui. Lakini wifi, nikwambie: hilo nitalisema mimi, kwa mdomo wangu, na kichwa changu kikiwa juu. Halisemwi na mtu mwingine kama aibu. Sikuiomba, sikuifanya, na sitaiombea msamaha. Mwanangu seli zake zinameza lakini haziui. Dawa itamsaidia kuua. Atakula kila siku, mbele ya dirisha likiwa wazi."

Wifi alifungua mdomo, lakini kabla neno halijatoka, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikatokea. Mama yake Mama Povu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka karibu na pazia, alisimama. Alivuka chumba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye fundo la nguo, akampa wifi.

"Soma kwa sauti," alisema.

Aliyestahili kusomewa karatasi ile, yule mume aliyemrudisha kwao, alikuwa amekwisha kuzikwa zamani, naye mama alilijua hilo. Alitaka isomwe tu, na mtu asiye wa upande wake. Wifi alisoma. Majina ya kitaalamu yalimtesa ulimi, lakini alifika kwenye maoni, akasoma kwamba aliwaogesha kila siku, na sauti yake ikashuka. Mama akasimama hapo hapo akimsubiri amalize hadi tarehe na mhuri. Kisha akaichukua karatasi, akaikunja mara nne, akarudi kukaa. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani na hakuupandisha.

Fundi rangi, baba yake Kiroboto, alikuwa mtu wa maneno machache hata siku za furaha. Dada yake akamwambia aseme. Alijikuna mkono, pale ambapo rangi ya juzi ilikuwa imegandia kwenye vinyweleo, akamuuliza mkewe tembe hizo hupewa mtoto saa ngapi.

"Asubuhi baada ya uji, na jioni."

"Za asubuhi nitampa mimi," alisema. "Wewe saa hiyo uko kazini."

Wifi alielewa kwamba amejibiwa. Hakukaa kunywa chai. Mwezi mzima hakukanyaga pale, na alipokuja tena alikuja na maziwa, akakaa, na hakupitisha kidole popote. Walisalimiana. Kupendana sana hawakuwahi, na hawakuanza siku hiyo.

Ini lilichukua wiki sita kupona. Mrija ulitolewa, shimo likaziba, Kiroboto akarudi nyumbani na kovu alilowaonyesha watoto wa mtaa mpaka likaisha utamu. Aliendelea na dawa za kila siku, moja ya kuzuia bakteria na nyingine ya kuzuia ukungu, kwa sababu Darubini na yule daktari kijana, ambaye sasa alikuwa akisoma vitabu kuhusu jambo hilo kwa bidii ya mtu anayelipa deni la moyo, walimwambia Mama Povu kwamba vumbi la majani yaliyooza na nafaka iliyovunda ni hatari kwa mtoto huyu kuliko matope yote ya mtaani. Mama Povu aliacha kuchemsha vigari. Dodoki akalitupa. Haikuwa nyepesi: usiku wa kwanza ambao hakufuta sakafu kwa jiki, mikono yake haikujua pa kukaa. Na dawa haikuwa muujiza. Mwaka uliofuata tezi ya shingo ilivimba tena, wakarudi wodini siku kumi na mbili. Ila sasa aliingia na faili lake mwenyewe chini ya kwapa, na daktari wa zamu alisomewa kabla hajauliza.

Mdogo wake Mama Povu wa kike, aliyezaliwa mama yao alipoolewa mara ya pili, alikataa kupimwa. Alisema hataki kujua. Walinuniana karibu mwaka. Hilo Mama Povu hakulishinda, na aliyemuuliza alimjibu hivyo hivyo.

Alipofika darasa la tatu, Kiroboto alipangiwa zamu ya bustani ya shule, na zamu hiyo ilikuwa kugeuza rundo la mboji. Mama Povu alikwenda kumweleza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisikiliza nusu, akasema shule haina watoto wa mayai, kila mwanafunzi ana zamu yake na zamu lazima ifanywe.

"Itafanywa," Mama Povu alisema.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaja shuleni na sare yake ya kijani, akamwomba mlinzi uma wa bustani. Aliligeuza rundo lote, juu chini, mvuke ukimpanda usoni, darasa la tatu zima likiwa limejazana dirishani. Alifanya hivyo Ijumaa tatu. Ya nne mwalimu mkuu alitoka ofisini, akasimama pembeni kwa muda, akasema ameona mtoto apangiwe kazi ya kugawa madaftari.

Lakini aliyelimaliza jambo hilo hasa alikuwa Kiroboto mwenyewe. Jioni ile, wakitembea kurudi nyumbani, alimwomba mama yake asije tena kushika uma, kwa maana wenzake walikuwa wanamuuliza maswali na yeye amekwisha kuwajibu. Mama Povu akataka kujua amewajibu nini.

"Nimewaambia mimi nameza wadudu wazima wazima," alisema, akiruka ufa wa barabara, "na wao hawawezi."

Mama Povu akamsahihisha kwamba hata wao wanameza, kila mtu anameza, tofauti ni nini kinafuata baada ya hapo. Kiroboto akasema hilo analijua, ila hawakuuliza.